Ndiyo, Ni AI, na Kadi Ninayo

Leo nimeumbuka. Akina mama wa kikundi, kaeni chini kwanza.

Ukiulizwa ni mwaka gani, sema ni huu mwaka ambao kutoka Riruta hadi kwetu Mutuini watu wanakula smocha tu. Asubuhi soseji ndani ya chapati, jioni soseji ndani ya chapati. Mtu akichemsha githeri ya mahindi na maharagwe, majirani wanauliza kama ana msiba. Hata mimi nilikuwa na smocha mkononi leo asubuhi simu ilipolia, ndiyo maana leso yangu ya kanisa ina doa la kachumbari.

Aliyepiga ni Mwende, mjukuu wangu, yule niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Mnamjua, anapiga picha za harusi kwa ile kamera yenye shingo ndefu. Wiki iliyopita picha yake ilikubaliwa kwenye maonyesho huko Westlands. Na aliye kwenye hiyo picha ni nani? Ni mimi! Mimi na ndama wangu Sukari. Sukari ana baka jeupe usoni lenye umbo la kopa, kama la karata. Ametoa ulimi ananilamba sikio, nami nimecheka hadi pengo lote liko nje.

Tulipoenda kuichapisha pale Riruta, fundi wa duka aliniangalia kwa huruma. "Shosho, nikujazie hapo meno? Kompyuta inafanya mara moja. Ni bure."

Nikamwambia, "Mimi sitengenezwi. Niache na pengo langu."

Wekeni hayo maneno pembeni.

Sasa leo Mwende analia kwa simu. Na Mwende halii ovyo. "Susu, nimekwisha. Wanasema picha yangu ni AI. Nisipoleta ushahidi kufikia saa sita, wanaitoa ukutani, na jina langu wanalibandika mlangoni pamoja na majina ya wale waongo. Nani ataniita harusi tena?"

Nikashangaa. Wamejuaje?

Kwa nyinyi mnaokunywa maziwa ya pakiti, niwaeleze. AI ni yule daktari wa ng'ombe anayekuja na pikipiki na mtungi unaofuka moshi baridi. Anapandisha ng'ombe wako, ng'ombe anashika mimba bila kuona dume hata kwa mbali. Huku kwetu AI ni hiyo. (Kumbe iko nyingine. Ningejua, ningekaa nikamalizia smocha yangu.)

Na Sukari kweli ni wa AI. Kwa hiyo nikajiambia, hawa watu wa Westlands wameangalia picha tu, wakajua ndama wangu hana baba, na sasa wanamdharau! Hasira ikanipanda. Mwende mwenyewe baba yake hatujawahi kumwona, na nyumbani kwangu hakuna aliyemtoa ukutani.

Nikavaa koti la Pasaka. Nikachukua kadi ya ndama, ile aliyoniandikia daktari, nikaisukuma kifuani. Boda ikaniondoa Mutuini.

Jengo lenyewe ni la vioo. Lifti ilinipandisha ikanishusha mara mbili kabla sijajua pa kutokea. Ndani, watu wamesimama kimya wanaangalia ukuta kama wanaangalia mwili wa marehemu. Mwende yuko mbele ya meza, macho mekundu. Nyuma ya meza kuna waamuzi wawili. Mmoja ni mama mwenye miwani mikubwa. Wa pili anaitwa Bwana Athumani, mtu wa Pwani, kofia ya kushona kichwani, Kiswahili chake kama kimepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba." (Huku Nairobi nani huniamkia hivyo? Nilitamani kumbeba nimpeleke nyumbani.)

Mwende alikuwa ameshawaonyesha picha ikiwa ndani ya kamera. Mama Miwani hakuridhika. "Siku hizi hata hiyo inaghushiwa," akasema. "Na ndama gani amezaliwa na kopa usoni?"

Bwana Athumani akanigeukia. "Bibi, huyu pichani ni wewe?"

"Ni mimi. Hesabu meno."

"Basi tuambie ukweli. Hii ni AI?"

Nikajinyoosha. Nikaweka mkono kiunoni.

"Ndiyo," nikasema. "Ni AI."

Mwende akajishika kichwa. "Susu!"

"Nyamaza, Mwende. Hatuna cha kuficha. Ni AI, tena ile ya daraja la kwanza!"

Mama Miwani akaanza kuandika mbio mbio. "Nani aliifanya?"

"Daktari."

"Daktari gani?"

"Wa pikipiki. Ukimpigia asubuhi, saa sita ameshafika."

"Alitumia nini?"

"Mtungi. Na glavu ya kufika kwapani."

Kalamu ikasimama. "Glavu ya nini, mama?"

"Ya kuingizia mkono! Kwani wewe ulidhani anaingiza nini, kijiko?"

Na nikaonyesha. (Ndiyo, kwa vitendo. Ndiyo, nilivua koti kwanza. Niliingiza mkono hadi kwapani hapo hewani, mbele ya watu wanaokunywa juisi kwa glasi nyembamba, na nikazungusha.)

"Mbegu ni ya ng'ambo," nikaendelea, maana waliponikodolea macho nilidhani wamependezwa. "Baba yake simjui, nilimchagua kwenye kitabu cha picha. Na ilishika mara ya kwanza! Jirani yangu amerudia mara nne hana kitu!"

Bwana Athumani alikuwa amevua kofia amejifunika uso. Mabega yanatetemeka. Nikadhani nimemliza.

"Bibi," akasema kwa shida, "hebu tuelewane. Hiyo mimba tunayoizungumzia ni ya nani?"

"Ya ng'ombe! Mama yake Sukari! Kwani nyinyi mnaongea habari gani hapa?"

Woi! Mlisikia hicho kicheko huko Mutuini? Mtu mmoja alikaa sakafuni na suti yake. Mwingine juisi ilimtokea puani. Na simu zote juu, zinanipiga video.

Mwende akanishika bega, analia na kucheka kwa pamoja. "Susu, AI yao ni nyingine. Ni mashine ya kutengeneza picha. Unaiambia unachotaka, inatoa. Hakuna kamera, hakuna mtu, hakuna ndama. Wanasema wewe hupo."

"Mimi sipo?"

"Wewe na Sukari. Wanasema mmetengenezwa."

Nilitamani ile lifti ije yenyewe inichukue. Lakini nikamwona Mama Miwani anaangalia saa ya ukutani. Zimebaki dakika kumi. Aibu yangu ingengoja. Nikaingiza mkono kifuani, nikatoa kadi, ya moto moto.

Bwana Athumani akaipangusa, akaisoma kwa sauti. Jina, Sukari. Jike. Baka jeupe kwenye paji la uso, umbo la kopa. Hereni ya sikio, namba mia nne kumi na saba.

Akainuka. Akaenda hadi kwenye picha, pua karibu iguse kioo. Sote tukamfuata. Kwenye sikio la Sukari, ile hereni ya manjano inaonekana. Nne. Moja. Na saba, nusu yake imefunikwa na kinyesi.

"Mashine ingeisafisha hiyo saba," akasema Bwana Athumani.

"Fungua mdomo, mama," akasema Mama Miwani.

Nikafungua. Alihesabu yangu, akahesabu ya pichani, akarudi kwangu. Sawasawa. Akakata alichokuwa ameandika, mistari miwili.

"Picha inabaki."

Jamani! Mwende alinikumbatia mpaka nikasikia mbavu. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi wa Riruta. Ningemkubalia anijazie meno ya bure, leo Mama Miwani angehesabu na mjukuu wangu angekuwa mlangoni na waongo!

Mwende hakuishia hapo. Alichukua kalamu, akaandika kwenye kile kikaratasi chini ya picha: *Susu wangu Syombua na Sukari, namba 417, Mutuini. Wote wapo. Nendeni mkawasalimie.* Halafu akawaambia wapiga picha wenzake, "Mashine itengeneze inachotaka. Mimi nitapiga watu ambao mnaweza kuwatembelea." Sasa wenzake nao wakaomba kalamu. Nikaona mmoja anapiga simu, anamwuliza mjomba wake, yule aliye kwenye picha yake, kama anaweza kufika kabla ya saa kumi.

Video najua imeshawafikia. Chekeni, lakini mkija kununua maziwa msicheke mbele ya Sukari, bado ni mdogo.

Tulipokuwa tunatoka, jamaa mmoja wa suti ya kubana akanikimbilia. Eti wanataka uso wangu kwenye pakiti za maziwa. Nikatabasamu. Akaniangalia mdomoni, akaongeza haraka, "Tutaipitisha kwa AI kidogo tu, mama. Ile ya kompyuta! Tukuwekee meno."

Mwende akaniangalia. Nikafunga kifungo cha koti, cha juu kabisa.

"Mimi sitengenezwi. Niache na pengo langu."