Mjomba wa Marehemu Ngusa

Hapana, jalada la mirathi halifichwi, nani kakudanganya? Unakwenda mahakamani mchana kweupe, unamwamkia karani, unataja jina la marehemu na mwaka mirathi yake ilipofunguliwa. Unaandika barua fupi ya kuomba kulikagua, unalipa ada ya serikali, risiti unapewa. Basi. Linashushwa kwenye shelfu, unakaa kwenye benchi unasoma mpaka uchoke. Asiyejua kusoma anasomewa. Lakini jambo jepesi namna hiyo lingejulikana na kila mtu, Hatibu angekula nini?

Maana Hatibu alikuwa anakula hapo hapo. Mzaramo yule, mtu wa Kisarawe, alikuja huku upande wa Rwamgasa kutafuta dhahabu kama wenzake. Akashuka duarani mara moja tu, akapanda juu akasema shimo lile lina giza bila sababu. Tangu siku hiyo akahamia kwenye kibanda cha mama lishe, ng'ambo ya mahakama ya mwanzo, na shati lake jeupe na kalamu mfukoni, nyingi hazina wino. Akawa anachimba majalada.

Na watu walimwamini, usiwacheke. Mtu aliyezoea machimbo, ukimwambia kitu kiko juu ya meza, kinaonekana, anajua si mali. Ukimwambia kiko chini, kimekandamizwa na mwamba, kinataka kamba na watu wa kuvuta, hapo ndipo anauliza bei. Hatibu alilijua hilo. Elimu nyingine hakuwa nayo.

Sasa asubuhi hiyo yuko kwenye chai yake, akamwona bibi mmoja anashuka kwenye pikipiki mbele ya mahakama. Bibi mrefu, mweusi, kanga mbili, ameshika jogoo kwapani. Anaangalia mlango wa mahakama kama mtu anayeangalia mto asioujua kina. Hatibu akaweka kikombe chini. Chai inaweza kupashwa moto tena. Bibi wa namna ile hapatikani kila siku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Wewe ndiye mahakama?"

"Mimi ndiye mlango wake. Umefuata nini?"

"Mirathi ya mwanangu. Ngusa."

Hapo Hatibu akakohoa kidogo. Jina hilo alikuwa analijua, tena sana.

Ngusa alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyumba ya bati pembeni yake. Alipofariki kwa kifua aliacha mjane, Rhoda, na watoto wadogo wanaotegemea mashine hiyo hiyo kula na kuvaa. Akatokea Eustace, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, mtu wa suti, akasema mwanamke hawezi kuendesha karasha. Akataka awe yeye msimamizi wa mirathi. Mahakama inataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Eustace akauandika yeye mwenyewe, kikao ambacho hakikukaa hata ndotoni. Akakosa majina ya kutosha. Akamwendea Hatibu, na Hatibu kwa malipo mazuri akaweka sahihi: Hatibu, mjomba wa marehemu.

"Mjomba ni cheo kizuri," Hatibu alimwambia siku ile. "Kina heshima na hakina kazi."

Eustace alikuwa amekwisha kumwambia Rhoda aanze kufungasha. Akimaliza mahakamani, nyumba anaweka kufuli.

Sasa tazama neema ya Mungu kwa mja wake. Yule wa suti anamlipa Hatibu jalada lipite kimya. Huyu wa jogoo atamlipa jalada lipatikane. Na jalada lenyewe liko nyuma ya mgongo wa karani, halina habari.

"Bibi," akasema Hatibu, sauti ameishusha kama yuko kanisani, ingawa kanisani hakuwahi kuingia, "jalada la mwanao liko chini sana. Ninaujua mwamba wake. Lakini kushuka huko si mchezo."

Bibi Limi, ndilo jina lake, akamtazama kuanzia viatu. "Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Loo. Mtani wangu. Mzaramo na kazi wapi na wapi? Ngoma zimeisha kwenu?"

"Ngoma zipo, bibi. Ninyi Wasukuma mmekuja mkala mpaka ngozi zake."

Bibi akacheka, akaketi kwenye benchi, akafungua pindo la kanga. Hela ya tumbaku hiyo, ametoka nayo kwao Ushetu. Akatoa na jogoo.

"Nasubiri hapa. Nenda kashuke."

Hatibu akazunguka nyuma ya mahakama. Huko kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna yule mama lishe mwingine, wa chapati. Akala mbili, akanywa chai, akasikiliza umbea wa watu wawili kuhusu mwanamke wa tatu. Halafu akatoa kimfuko cha nailoni chenye vumbi la karasha, akajipaka kwenye kola, akajipaka kwenye nyusi, akakohoa mara kadhaa kujaribu. Kazi ina nidhamu yake.

Aliporudi, benchi tupu. Bibi Limi alikuwa anatoka ndani, kwa karani, anajifuta macho na ncha ya kanga. Kama alikuwa analia au anacheka, Hatibu hakuuliza.

"Ulikwenda wapi bibi?"

"Nilikwenda kumwamkia karani. Hosiana, mtoto mzuri. Kanipa maji. Wewe umelipata?"

"Nimeligusa mgongo tu. Limelaliwa na majalada ya zamani, mazito. Nitashuka tena wiki ijayo."

Bibi akanyoosha mkono, akampangusa vumbi begani, polepole, kama mama anavyompangusa mtoto wake aliyetoka kucheza.

"Pole na kazi, kaka yangu. Na siku Eustace akiitwa kwa hakimu, utakuwepo?"

"Bibi, siku hiyo nipo hata nikiwa mgonjwa." Hapo hakusema uongo. Eustace alikuwa amembakizia fungu la pili, analipwa akishathibitisha ujomba wake mbele ya hakimu.

Neno hilo la "kaka" lilimkaa vizuri moyoni. Akasema, tazama, bibi wa watu amenipenda.

Siku ikafika. Hatibu akaingia mahakamani shati limepigwa pasi, akakuta benchi la mbele limejaa wazee wa Kisukuma, wanaume kwa wanawake, wametoka Ushetu na vifurushi vya michembe, viazi vikavu vile, kwa njaa ya njiani. Katikati yao Bibi Limi. Pembeni yake Rhoda, amempakata mtoto. Hatibu akataka kurudi nyuma, lakini nyuma askari wa mahakama alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, na ni mtu mpana.

Hakimu akausoma muhtasari. Akauliza mjomba wa marehemu yuko wapi. Eustace akamwonyesha Hatibu kwa kidevu. Hatibu akapanda kizimbani, akashika msahafu, akaapa.

"Kuna anayepinga?" akauliza hakimu.

Bibi Limi akasimama. "Mimi sipingi, mheshimiwa. Nimefurahi tu."

"Umefurahia nini, bibi?"

"Mimi ndiye niliyemzaa Ngusa. Karani alinisomea karatasi, ikasema Ngusa ana mjomba. Mjomba wa mwanangu ni kaka yangu, au sheria ya siku hizi inasemaje? Na mimi maisha yangu yote najijua nimezaliwa peke yangu."

Watu wakaanza kuguna. Hakimu akamtazama Hatibu, akamtazama bibi. "Huyu ni kijana sana kwako."

"Baba alikwenda kukata mkonge huko pwani, mheshimiwa. Alichelewa sana kurudi. Alichokiacha huko sisi hatukijui. Mimi mtu wa jembe, nitabishana na karatasi ya mahakama?"

Mahakama ikacheka mpaka hakimu akagonga meza. Yeye hakucheka. "Hatibu. Umeapa. Wewe ni nani wa marehemu? Ukinidanganya, hapa hutoki kwenda nyumbani."

Hatibu akamwangalia askari. Akaangalia dirisha, lina nondo. "Mjomba," akasema, sauti imepungua.

"Wabeja," akasema Bibi Limi. Ndiyo asante hiyo. "Basi kwetu, mheshimiwa, mtu akifa mjomba ana neno. Aseme nani ashike mali ya mpwa wake. Ama nimuulize kwanza jina la babu yetu?"

Hatibu akafikiri kuliko siku zote za maisha yake. Jina la babu hakulijua. La bibi hakulijua. Fungu la pili aliliona likiruka dirishani, limepita kwenye nondo bila shida.

"Rhoda," akasema. "Mjane ashike. Kile kikao... kile kikao mimi nimekifikiria upya."

Eustace akasimama kama amekalia siafu. "Mheshimiwa, huyu mtu si—"

"Si nani?" akauliza hakimu. "Si wewe uliyemleta? Si wewe uliyemwandika?"

Eustace akaivuta tai yake. "Si mzima, mheshimiwa. Leo anaumwa."

"Mjomba mgonjwa ni mjomba. Kaa chini."

Akakaa. Kabla jua halijapanda sana alikuwa ameyaondoa maombi yake kwa hiari yake, hiari ile ya mtu aliyeshikwa shati. Hakimu akaagiza ukoo ukakae kikao cha kweli, nyumbani kwa marehemu, na mjomba asikose.

Hatibu akatoka akijua kituo cha mabasi kiko upande gani. Lakini mashemeji zake wapya wawili walikuwa wanamsubiri na pikipiki. Wakampakia mshikaki, yeye katikati, na Bibi Limi akamwinamia sikioni.

"Mtani, kwenye ukoo huu mjomba ndiye analeta ng'ombe wa kuondoa matanga. Usisumbuke, mnada ni leo."

Basi akanunua ng'ombe. Hela ya Eustace iliingia mle, na ya tumbaku ikaingia mle, na kidogo ya Hatibu mwenyewe, ile iliyokuwa kwenye soksi. Na kwa kuwa ni Mwislamu, wakamwambia achinje yeye ili kila mtu ale bila wasiwasi. Eustace wakampa miguu ya nyuma ashikilie. Ukoo ule haumfukuzi mtu, unampa kazi.

Kikao kikakaa, mtendaji wa kijiji akiwepo. Rhoda akapitishwa kuwa msimamizi bila mtu kukohoa. Muda wote huo karasha linanguruma pembeni, wateja wana viroba vyao vya mawe, huwezi kuwarudisha. Watoto wa Ngusa wakamzunguka Hatibu. Mjomba, mimi sina viatu. Mjomba, wewe utakuja lini tena? Huyu mdogo akampanda magotini bila kuomba.

Nyama ikaiva. Ugali ukapakuliwa, na maziwa mgando. Lakini watu wamesimama tu wanameza mate.

"Mnangoja nini?" akauliza Hatibu.

"Wewe," akasema Bibi Limi. "Hapa hakuna anayegusa kabla ya mjomba. Na tukishakula tutaongea. Mpwa wako mmoja huko Ushetu anaoa."

Hatibu akaangalia lango. Shemeji mmoja alikuwa amelala juu ya pikipiki, na kutoroka lingekuwa jambo la kujaribu. Akaangalia watoto. Akamwangalia Eustace, ana damu mpaka kwenye tai, njaa imemkaa usoni.

Rhoda akaenda kwenye mashine yake, akaizima. Ua wote ukawa kimya, ukasikia mpaka kuku. Akaja na birika na beseni, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba. Nawa."

"Marahaba, mwanangu," akasema Hatibu, na ikamtoka bila kuipangia.

Akanawa, akasema bismillahi, akakaa. Wazee wakakaa, wanawake wakakaa kwenye mkeka wao, watoto wakabanana, Eustace naye akapata nafasi kwenye ukingo wa sinia, wakala.