Leza Inayofuta Shikamoo

Siku Jovitus alipomwona mama mmoja wa mjini akinuna kwa sababu kijana mwenye ndevu zake amemwamkia shikamoo, alijua riziki imemfuata mlangoni. Watu hawaogopi uzee, aliwaza. Wanaogopa kuamkiwa.

Wiki hiyohiyo akapanga chumba Kirumba, akanunua taa ya kukaushia kucha, ile yenye mwanga wa zambarau, akaivisha kitambaa cheupe na kuiita Leza ya Korea: inafuta makovu, inanyoosha makunyanzi. Mteja alilazwa na pamba machoni, feni ikanguruma chini ya kitanda ili mambo yaonekane mazito. Kisha daktari, maana udaktari nao alikuwa amejipa, alitoa sharti moja.

"Usitazame kioo siku saba, mama. Ngozi bado changa. Wewe sikiliza tu watakavyokusalimia."

Nje, Masele na wenzake wa bodaboda walikuwa wameshajaziwa mafuta kwa kazi moja tu.

"Mambo, sista! Tukupeleke wapi, sista?"

Wamama wa heshima zao walishuka ngazi kwa madaha ya wasichana wa sekondari. Siku ya nane kioo kilisema lake, lakini nani angekwenda polisi kushtaki kwamba kaamkiwa?

Ndipo akaja Wilhelmina, mfanyabiashara wa sangara pale Mwaloni, bibi wa wajukuu kadhaa. Alilipia uso na shingo. Alipotoka akaitwa sista, akacheka, akasimama kupiga soga ndefu na Masele. Jovitus alimwona dirishani akafurahi: huyo atawaleta wenzake.

Kesho yake asubuhi Masele alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Mzee nani? Si tumelingana sisi?"

"Nisamehe, mzee wangu."

Muuza chipsi naye akamwamkia. Fundi viatu mwenye mvi akampisha kiti. Jovitus akakimbilia kioo, akaona mikunjo miwili kwenye paji la uso. Ilikuwepo tangu mwaka juzi, ila leo aliiona, akaogopa kwelikweli. Jumamosi alikuwa avuke kwenda Sengerema kujitambulisha kwa wazazi wa Odeta, na Odeta alijua mchumba wake ana miaka ishirini na tisa. Alikuwa na arobaini na moja. Fedha zote za leza, ndizo za posa, zilining'inia kwenye mkoba nyuma ya mlango.

Ijumaa Wilhelmina akarudi, akapiga goti.

"Shikamoo, kaka."

Jovitus alimshika mkono kumwinua. "Mama! Wewe ni mama yangu!"

"Nilikuwa. Makunyanzi uliyonitoa ulidhani yamekwenda wapi? Si wewe ndiye uliyekuwa umeniinamia? Haya, lala, nikuwashie taa yatoke."

Na yeye aliyeinunua taa ile kwenye duka la kucha, akaomba na punguzo, akalala. Akawekewa pamba machoni. Feni ikanguruma sana.

Ilipozimwa, alitoa pamba, akatoka nje akijipapasa uso. Wilhelmina alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, kanga amejifunga vizuri.

"Mambo, dogo!" Masele alipaza sauti, akatia moto.

Dogo! Jovitus alilengwalengwa na machozi. Aliwapungia mkono mpaka walipopotea kwenye kona, kisha akaingia ndani kuchukua fedha akanunue suti ya ukweni. Nyuma ya mlango palibaki msumari.

Alitoka mbio, akasimama katikati ya njia akihema. Muuza chipsi, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kazi imekwisha, aliinua kichwa.

"Shikamoo, mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba," akajibu Jovitus.