Wawekezaji wa Palwongo

Lawrence Odoch alikuwa kwenye matanga ya mtu asiyemjua, huko Kyebando, yuko kwenye sahani ya tatu, alipomsikia Hajji Mansur akinung'unika.

"Kampala imejaa," Hajji, mwenye maduka ya magodoro, alikuwa akimwambia jirani yake. "Ukifungua duka leo, kesho mwenzio anafungua lingine mlangoni pako. Natafuta mahali papya, ambapo biashara itapumua."

Lawrence akaacha kutafuna. Kwa mtu wa tabia yake, jambo hilo hutokea kwa nadra.

"Hajji, pole na msiba," akasema, akijifuta vidole. "Mimi ndiye Afisa Uwekezaji wa Kaunti ya Palwongo."

"Palwongo? Iko wapi?"

"Kaskazini. Kaunti mpya, imekatwa juzi."

Hapo ndipo ilipolala hila yake. Nchini kwetu kaunti hukatwa kila mara kama keki ya harusi, na hakuna muungwana anayependa kuonekana hajui vipande vya karibuni. Hajji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kulala huko. "Ah, Palwongo! Nimeisikia sana."

Ukumbi wa kuwakutanisha wawekezaji ulipatikana Kabalagala, juu ya mkahawa wa Rukiah. Lakini Rukiah hakukodisha kwa maneno matamu, kwa hiyo Lawrence akamwachia rehani friji ya mama mkwe wake, aliyekuwa amesafiri na angerudi Jumamosi. Mama huyo alikuwa mjane wa sajenti. Marehemu aliondoka na bunduki, sauti akamwachia mkewe. Jumamosi ikifika na friji haipo, Lawrence angelala nje, tena akiwa na bandeji.

Alihitaji pia sura ya mwenyeji. Palepale matangani alikuwa amemwona mama mmoja akilia kuliko wafiwa, kisha akifungasha nyama kwenye jani la mgomba. Jina lake Filda, na yeye pia hakumjua aliyefiwa naye mtu yeyote pale.

"Utakuwa Mama Mkuu wa ukoo," Lawrence akamwambia. "Kazi yako ni kukaa na kuheshimiwa."

"Na malipo?"

"Kuku."

"Nipe nusu ya utakachopata."

"Banange, mama! Kuku, na soda juu yake."

Filda akamtazama kidogo. "Sawa, mwanangu," akasema kwa upole mno. Lawrence, aliyekula kwa kusoma nyuso za watu, siku hiyo hakusoma.

Ijumaa ukumbi ukafurika wafanyabiashara. Lawrence, shingoni tai nyekundu, alisimama mbele ya ramani aliyoichora mwenyewe nyuma ya kalenda, Filda ameketi kando yake akiheshimiwa.

"Ndugu wawekezaji, Palwongo ina asali mpaka nyuki wanaomba likizo! Barabara inakuja. Umeme unakuja. Uwanja wa ndege..."

"Nao unakuja?" mmoja akadakia.

"Umechelewa kidogo tu."

"Wangapi huko wanalalia magodoro?" Hajji akauliza.

"Hata mmoja, Hajji! Wamelala kwenye ngozi za mbuzi, wanakungoja wewe."

Ukumbi mzima uliguna kwa huruma, kila mmoja akiiona faida yake.

"Na vinywaji baridi?" Rukiah akauliza kutoka mlangoni.

"Nyabo, jua la Palwongo linawaka mpaka kuku anataga yai lililochemka. Soda baridi wanaisikia redioni."

Bahasha zikaanza kutoka mifukoni, kila moja ya kununulia kiwanja kwenye barabara kuu. Ndipo Rukiah akaongeza: "Na nani ataapa kwamba wewe, ssebo, hutazila hizo pesa?"

Lawrence akaona bahasha mbili zikirudi mfukoni. Ulimi wake, ambao siku zote ulimtangulia, ukatimua mbio.

"Mimi? Palwongo afisa hagusi pesa ya mgeni! Ni mwiko. Mkono unakauka mpaka begani. Pesa hupokewa na Mama Mkuu peke yake."

Makofi yalipigwa hadi vikombe vikacheza mezani. Afisa wa namna hiyo walikuwa hawajapata kumwona. Hajji akapangusa machozi. Lawrence naye alikuwa ametulia: Filda angemkabidhi kila kitu jikoni.

Filda akainuka. Akalia kilio cha mazishi ya daraja la kwanza, akazikusanya bahasha ndani ya shuka, akajifunga shuka hiyo mgongoni kama anayembeba mtoto, akapiga vigelegele na kuteremka ngazi.

"Nimsindikize," Lawrence akasema, tayari anakimbia.

Rukiah akamdaka koti. "Afisa, rudi! Mkono wako!"

Hajji akaukamata mkono wenyewe, akaanza kuukanda kwa mapenzi. Kupitia dirishani Lawrence akamwona Filda amekaa upande juu ya bodaboda, akimbembeleza mtoto wake wa bahasha. Wakakata kona.

Kupiga kelele za mwizi kungekuwa sawa na kutangaza kwamba Palwongo haipo.

"Mama anawahi wapi?" Hajji akauliza.

"Nyumbani. Kutuandalia mapokezi."

"Basi tusimcheleweshe! Nimekodi basi, liko chini. Magodoro yameshapanda."

"Na friji yangu pia," Rukiah akasema.

"Friji yako?"

"Kodi ya ukumbi umelipa? Kwa jua ulilolisema, nitaanza na soda."

Basi likaondoka na friji ya mama mkwe kileleni mwa magodoro, picha ya sajenti ikiwa bado imebandikwa mlangoni. Lawrence, mzaliwa wa Mulago, hapohapo Kampala, asiyewahi kuvuka mji wa Bombo, alipewa kiti cha heshima karibu na dereva. Wakavuka Mto Nile. Mbele kidogo, penye njia panda, dereva akapunguza mwendo.

"Afisa, Palwongo ni kulia au kushoto?"

Nyuma, wawekezaji wakaamka na kunyoosha kola zao. Lawrence akatazama kulia: nyasi. Akatazama kushoto: nyasi, na mbuzi mmoja asiye na maoni.

"Moja kwa moja," akasema, akiomba moyoni Uganda isiishe upesi.