Mwenye Shimo la Kawempe

Sifuna aliliona dimbwi lile Jumapili saa nane mchana, na kabla ya saa tisa alikuwa ameshalimiliki moyoni.

Lilikuwa shimo la matofali, chini bondeni Kawempe, pembeni mwa Kampala. Wachimbaji walikuwa wamechota udongo mpaka wakafikia maji, kisha wakakusanya majembe yao na kwenda kuharibu kwingine. Mvua zikalijaza. Sasa lilikuwa limetulia, pana kama uwanja wa shule, lina mafunjo upande mmoja na bata wawili wasio na mwenyewe. Ukingoni watu walikuwa wametandika mikeka na kufungua masufuria. Vijana waliogelea. Bibi harusi alipigwa picha huku shangazi zake wamemshikia gauni lisiguse tope. Upande wa pili kanisa la Wakongomani lilikuwa linabatiza, na mama mmoja mnene mwenye mwavuli wa kijani alikuwa akiwaonyesha waumini wapi wakanyage na wapi wasikanyage.

"Na wote hawa," Sifuna alijiambia, "wanafurahi bure."

Jambo hilo lilimhuzunisha kweli. Mtu wa kawaida angeona watu wamepumzika; yeye aliona matumizi ya ardhi na maji kwa burudani pasipo mkataba. Miaka sita alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kuchapa karatasi karibu na hospitali ya Mulago, akiwachapia watu wosia, hati za mauzo na barua za kuomba msamaha. Chuo cha sheria hakuwahi kukitia mguu, lakini lugha ya sheria ilikuwa imemganda kama harufu ya samaki. Alikuwa na tai moja nyekundu. Watu walipomwita wakili hakuwasahihisha, maana kumsahihisha mtu hadharani ni utovu wa adabu.

Tusimhukumu haraka. Huko kwao Webuye, Kenya, mama yake alikuwa analala katika nyumba ambayo paa lake lilikuwa limechoka kuliko yeye, na kila Krismasi Sifuna alimwahidi mabati. Akiba ya mabati ilikuwepo, ya miaka mitatu, na kwa sifa yake tuseme kwamba hakuwahi kuigusa hata siku alizolala na njaa. Ilibaki kidogo tu itimie. Alimpenda mama yake kwa dhati. Ni mama za watu wengine ndio aliokuwa tayari kuwaibia.

Jumatatu akavaa tai akaenda soko la Kalerwe. Haikumchukua muda kumpata yule mama wa mwavuli. Aliitwa Pélagie, mjane kutoka Bukavu, muuza unga wa muhogo na ndagala, vile vidagaa vikavu vya kwao, na alikuwa ameketi juu ya gunia kama hakimu.

"Mama Pélagie," Sifuna alianza, akainama kidogo, "jana niliwaona mkibatiza kwenye maji yangu."

Mama Pélagie aliacha kupima unga. Alimtazama juu, akamtazama chini, akarudi kwenye tai.

"Maji yako?"

"Yangu. Mimi si mtu wa makuu, sikutaka kuwakatiza ibada. Lakini sheria inasema kila anayetumia ardhi au maji ya mtu kwa kujiburudisha awe na idhini ya maandishi. Kuna tajiri mmoja anataka nimpe haki hiyo peke yake, ajenge ufuo, alete muziki. Ninyi mtakosa pa kubatizia. Nimeona nikupe wewe kwanza, kwa sababu namwogopa Mungu."

"Yesu wangu!" Mama Pélagie alishika kifua. "Papa, weye kweli uko mwenye ile shimo? Yote?"

"Yote."

"Na miaka yote njo weye ulikuwa unachimbisha?"

Sifuna hakutegemea swali hilo, lakini mwongo mzuri haachi kiti kitupu. "Nani mwingine? Matofali ya nusu ya Kawempe yalitoka mkononi mwangu."

Machozi yalimlengalenga Mama Pélagie. "Mungu anajibu maombi," alisema. "Sitaki huyo tajiri. Njo mimi nitalipa. Ila mimi sijasoma, papa. Nataka tuandike kila kitu, mbele ya chairman, na bashahidi. Kwetu tulishaibiwa sana."

Sifuna alitembea kurudi Mulago akiwa mwepesi. Chairman wa mtaa, mashahidi, muhuri: hayo ndiyo mazoea ya Kampala. Hapa mtu hanunui hata kuku wa maana bila karatasi iliyogongwa muhuri na watu watano waliokunywa soda. Kwake yeye ilikuwa ni gharama ya soda tu. Jumatano asubuhi angekuwa ndani ya basi la kwenda Busia mpakani, na Alhamisi angekuwa dukani anachagua mabati, ya bluu, kama mama alivyotaka.

Usiku ule hakulala kwa furaha ya kazi, akauandika mkataba kwa mapenzi ambayo mkataba wa kweli haujawahi kupewa. Kifungu cha pili kilikataza kuogelea kwa aliyetoka kula matoke. Kifungu cha tatu kiliruhusu mtumbwi usiozidi watu wanne, au watatu endapo mmoja wao ni mchungaji. Kuvua kambale kuliruhusiwa kwa ndoano, si kwa chandarua. Nyimbo za dini zilikuwa huru; tarumbeta ilihitaji taarifa ya siku mbili. Wachumba wangekaa ukingoni, mahali penye mwanga, wakitenganishwa na upana wa debe la lita ishirini. Alipomaliza akausoma tena. Karibu asikitike kwamba dimbwi halikuwa lake, maana lingeendeshwa vizuri sana.

Jumanne saa nne walikutana barazani kwa Chairman Abudu, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Jambo moja lilimshangaza Sifuna kidogo: mashahidi. Aliomba watano, wakaja kumi na saba. Wengine hawakutaka hata soda.

"Watu wako wanapenda maendeleo," Sifuna alimwambia chairman.

"Sana, ssebo," alisema Chairman Abudu, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hii mambo yote walingoja. Sasa, mama hapa nasema karatasi iongezwe kidogo."

Mama Pélagie alikunjua kikaratasi kilichoandikwa na binti yake, Exaucée. "Mimi niko mutu wa woga tu," alisema. "Muandike kwamba shimo iko ya Papa Sifuna, na alichimbisha yeye tangu siku ya kwanza, na kila neno ya ile shimo iko juu yake."

Moyo wa Sifuna uliruka. Mteja anakuandikia umiliki kwa mkono wake mwenyewe! Akaandika haraka kabla hajabadili mawazo.

"Na haki yangu ya kujifurahisha iko miaka tano, juu ya maji na juu ya udongo yake. Maji ikuwe, maji isikuwe. Kiangazi inaweza kausha."

"Mama, unafikiria mbali kama wakili," Sifuna alimsifu, akaandika hilo pia.

Chairman alisimama akasoma yote kwa sauti. Kisha akaondoa miwani. "Sifuna. Mbele ya watu hawa. Wewe nakubali kweri kweri hii shimo ni ya wewe, si ya mtu mwingine?"

"Nakubali, mzee chairman."

"Lete kitambulisho tupige kopi."

Watu kumi na saba walitia sahihi, na wasiojua kuandika wakachovya kidole gumba kwenye wino. Muhuri ukashuka. Mama Pélagie akamhesabia shilingi milioni moja walizopatana, noti zikinuka ndagala, na mashahidi wakapiga makofi. Mzee mmoja alimkumbatia Sifuna kwa nguvu isiyo ya kawaida. Sifuna alijisikia kupendwa, na kwa dakika kama mbili aliona aibu.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mkoba begani, alifungua mlango wa chumba chake akawakuta watu wanne wamesimama uani: maofisa wawili wa jiji waliovaa vizibao vya manjano, askari polisi mmoja aitwaye Odoch, na Chairman Abudu na kofia yake.

"Wewe ni mwenye shimo?" aliuliza ofisa wa kwanza.

"Inategemea," alisema Sifuna, "ni nani anauliza."

Wakamweleza. Mwaka jana ng'ombe alizama katika shimo lile. Mwezi wa pili nusura azame mtu. Jiji lilikuwa limetoa amri kwamba aliyelichimba alifukie kwa udongo hadi lilingane na barabara, la sivyo afikishwe mahakamani. Kila walipokuja kumtafuta, mtaa mzima ulikuwa haumjui. Mwenye hati ya ardhi alikuwa mgonjwa huko Masaka na hakuchimba kitu. Yule aliyekodi ardhi kwa ajili ya matofali alikuwa fundi mmoja wa Bukavu, naye alishafariki. Mjane wake aliendelea kulipa kodi ya ardhi, lakini aliapa kwamba shimo halijui. Watu wa jiji hawakutaka mwenye ardhi wala mwenye kodi. Walitaka mwenye shimo. Na jana jioni, kwa neema ya Mungu, wameletewa karatasi.

"Mjane," Sifuna alisema taratibu. "Anauza unga?"

"Na ndagala," alisema chairman.

"Mzee, wewe ulijua!"

"Ng'ombe alikuwa wangu, ssebo."

Sifuna aliweka mkoba chini. Kisha akafanya alichokijua, akaongea. Alieleza kwamba kuna kutoelewana, kwamba yeye ni mwandishi tu wa karatasi, kwamba shimo lile, akilitazama vizuri, wala si lake. Askari Odoch alimsikiliza kwa upole mkubwa, akatoa daftari.

"Ngoja niandike. Shimo si yako."

"Si yangu kabisa, afande."

"Lakini jana umeuzia mama wa watu, umekula milioni. Umeuza kitu si yako." Alilowesha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Hiyo ni kesi ingine, na hiyo ni yangu. Chagua, bwana. Ikiwa yako, unafukia. Ikiwa si yako, tunaenda stesheni. Ni ya nani?"

Jogoo wa jirani aliwika. Sifuna alilitazama daftari, akaitazama pingu iliyoning'inia kiunoni mwa afande.

"Ni yangu," alisema.

Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Milioni ya Mama Pélagie iliisha malori yalipofika kumi na mbili, na dimbwi lilionekana halijajua hata kama limeguswa. Baada ya hapo ikaanza kwenda akiba. Kila lori la murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, lililorudi nyuma na kuinua tumbo lilimwaga kipande cha paa la mama yake, na Sifuna alisimama pale na buti za kuazima akiona mabati yanavyozama. Bata waliondoka wiki ya pili. Ofisa wa jiji alikuja na ubao wake akasema bado sentimita arobaini, na baadaye akasema shindilieni tena, pananepa. Siku ya mwisho Sifuna alimpigia mama simu akamwambia mabati yatakawia. Mama hakugomba. Alimwuliza tu kama anakula vizuri, na baada ya kukata simu Sifuna alilia waziwazi, mbele ya madereva.

Mwezi mmoja ulipita kabla hajaweza kushuka tena bondeni. Jumapili moja akasikia vifijo akafuata sauti. Palikuwa na magoli mawili ya miti ya mikaratusi, mistari ya chokaa, watu kama mia tatu, na timu ya Wakenya wa gereji inafungwa na Wakongomani. Kamba ilikuwa imezungushwa pote. Penye mlango aliketi Exaucée na kitabu cha tiketi, na nyuma yake mama yake chini ya mwavuli wa kijani.

"Elfu moja," alisema Exaucée.

"Binti, mimi ndiye mwenyewe!" Sifuna aligeukia mwavuli. "Mama Pélagie, mwambie. Udongo wote huu nimeuleta mimi!"

"Ni kweli, papa, na Mungu atakubariki," alisema Mama Pélagie. "Lakini kujifurahisha iko yangu miaka tano, maji ikuwe, maji isikuwe. Weye uko mwenye shimo." Alinyoosha mkono kwa heshima kuelekea uwanjani. "Unionyeshe shimo iko wapi, nikufungulie mulango bure."

Sifuna alitafuta kifungu. Alipekua kichwani mkataba mzima, mtumbwi, kambale, tarumbeta, wachumba, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kuchapa karatasi akakuta hakuna nafasi ya kupitia. Alitoa elfu moja. Exaucée akamchania tiketi.

Aliingia akasimama pembeni ya goli. Akapiga ardhi kwa kisigino, mara moja, halafu tena kwa nguvu zaidi. Haikunepa hata kidogo. Ilikuwa kazi safi, ya kwanza ya halali aliyowahi kuifanya Kampala, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.