Daktari wa Magoti na Chama cha Wanawake Arobaini

Mwizi wa kuku huzunguka banda. Laini alizunguka kliniki ya sukari. Kila Jumanne alikaa kwenye benchi la korido, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni, akiwasikiliza watu waliokuwa wakisubiri kutobolewa vidole.

Jumanne moja alimsikia mama mmoja muuza vitambaa akimlalamikia jirani yake. "Sukari naiweza. Magoti ndiyo yananimaliza. Daktari kanikataza kujinunulia vidonge vya maumivu, eti vitaniharibu figo. Anataka nipungue mwili na nifanye mazoezi ya kukaa na kuinuka. Mtu analia, anaambiwa acheze!"

Laini akasogea. "Pole sana, dada. Mimi mwenyewe nina sukari, huu mwaka wa tisa. Magoti yalikuwa yakilia kama bawaba kavu. Leo napanda ngazi kama mbuzi." Akachomoa chupa. "Mizizi mitupu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

Kwa heshima zote, mizizi ilikuwemo: kidogo, ya kutia rangi. Kazi yenyewe ilifanywa na vidonge vya maumivu na vile vikali vya kushusha uvimbe, vinavyopandisha sukari, ambavyo Laini alivinunua kwa mlango wa nyuma na kuvitwanga jikoni kwake.

Siku ya pili muuza vitambaa alifua nguo akiwa amechuchumaa, akaimba. Siku ya tano dada yake mkubwa, fundi cherehani, alimkuta amejilaza juu ya majora ya vitambaa, midomo imekauka, jagi la maji tupu pembeni. Akampima sukari kwa kimashine chao cha nyumbani. Ishirini na mbili! Mwaka mzima hakuwahi kuvuka kumi.

"Umekula nini wewe?"

"Sijala kitu, dada. Nimekunywa dawa ya magoti tu."

Hospitali ilimlaza siku tatu. Fundi alikaa kando ya kitanda, hasira zimemjaa hadi kooni, lakini fundi hakati kitambaa kabla ya kupima. Kwanza aliipeleka chupa kwa wakaguzi wa dawa. Ndipo akapiga namba iliyobandikwa juu yake.

"Daktari!" alisema kwa sauti tamu. "Dawa yako kiboko! Chama chetu tuko wanawake arobaini, wote sukari, wote magoti. Una chupa ngapi?"

"Za kuwatosha, mama."

"Lete zote. Ila wenzangu wabishi. Wanataka kuyaona hayo magoti yako yakifanya kazi."

Laini, aliyewacheka wenye tamaa maisha yake yote, alikodi mkokoteni.

Jumamosi asubuhi katoni sita zilipangwa dukani kwa fundi, kati ya vyerehani. Wanawake walijaa kwenye viti vya plastiki. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, mwenye faili mapajani. Fundi alimtambulisha kama shemeji yake.

"Haya, daktari. Kaa, inuka, bila kushika kiti."

Laini akafanya kumi huku akitabasamu. Vigelegele!

"Miaka tisa ya sukari, jamani! Mwongezeeni makofi. Kumi nyingine!"

Akafanya.

"Bibi wa kule nyuma hakuona vizuri."

Akamfanyia bibi wa kule nyuma. Kisha wakaja waliochelewa, nao wakataka zao. Ilipofika ya themanini shati lilikuwa limegandamana na mgongo, na tabasamu limebaki upande mmoja. Akajibwaga kitini.

"Shemeji ana swali," fundi akasema.

"Dawa hii unaitengeneza mwenyewe?" aliuliza yule mwanamume.

"Kwa mikono yangu hii," Laini alijibu akihema. "Sina mshirika."

"Na katoni hizi zote ni zako?"

"Zote, shemeji. Chukua mbili, nakupunguzia."

Mwanamume akaandika, akafunga faili, akatoa kitambulisho. "Mimi ni mkaguzi wa dawa. Chupa moja tumeshaipima maabara."

Laini akataka kuruka. Akili ilifika mlangoni. Magoti yakabaki kitini.

Muuza vitambaa, aliyetoka hospitali wiki hiyo, aliinuka pembeni, taratibu, kwa kushika meza. Akamsogelea. Wote wakasubiri kofi.

"Ulinitazama machoni ukaniita dada."

Laini akainamisha kichwa. "Ndiyo."

"Sukari unayo kweli?"

"Sina."

"Basi mshukuru Mungu." Akawageukia wenzake. "Na sisi je? Nusu saa nzima tunamtazama mwizi akifanya mazoezi tuliyoandikiwa sisi! Vaeni viatu vyenu vizuri. Kumi tu, polepole, ruhusa kushika kiti. Atakayeumia sana aache, akamwone daktari. Wa kweli."

Viti vikalia. Mkaguzi na mwenye mkokoteni, aliyekuwa akisubiri nje, wakamshika Laini huku na huku, wakaanza kumkokota, magoti yakikataa kila hatua.

"Moja!" wanawake wakahesabu kwa pamoja. "Mbili!"

Walipofika nane, alikuwa bado hajavuka kizingiti.