Kimeli Kilichokataa Kupinduka

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameingiza kimeli chake cha mfano kwenye bwawa la majaribio. Anasomea mambo ya meli kupinduka. Mimi ndiye mtunza bwawa. Nina mwezi mmoja tu kazini, na tayari naijua bahari kuliko samaki.

Mawimbi, ndivyo tunavyomwita mwendesha mashine ya mawimbi, akabonyeza kitufe. Kimeli chali! Mawimbi akacheka, eti hata bata wa plastiki angevumilia. Shemeji akaandika tu daftarini. Maskini, anajikaza! Alhamisi profesa anakuja kutazama. Kikimwaibisha tena, shahada imeota mbawa. Na mimi nipo? Thubutu!

Jumanne, 5 Machi

Wenzangu walipokwenda kula, nilifungua kimeli nikapanga vyuma vizito chini kabisa. Gundi juu yake. Meli ni kama mlevi: mlaze chini, ataangukia wapi tena? Nimeligundua mwenyewe, bila chuo.

Jumatano, 6 Machi

Kimesimama kama askari wa gwaride! Mawimbi alipandisha mashine hadi mwisho, akalowa suruali yeye. Nikapiga makofi. Shemeji hakupiga. Alirudia hesabu zake kutwa, macho mekundu. Nikajua ni furaha.

Jioni mke wangu akaniambia mdogo wake analia. Kumbe hesabu zake zinasema kimeli lazima kipinduke, kama ilivyopinduka meli ya kweli ambayo kimeli ni mfano wake, na watu ndani. Kisipopinduka kesho, kazi ya mwaka mzima jalalani. Nikatega saa iniamshe alfajiri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewahi bwawani kung'oa vyuma. Gundi yangu imara, kama mimi! Shemeji akanikuta mkono umo tumboni mwa kimeli. Nikasema yote. Akaniambia shemeji, wewe ni mtihani, halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni. Tukang'oa pamoja.

Mbele ya profesa, kikapinduka vizuri ajabu. Makofi! Dunia hii: meli inazama, watu wanapeana mikono.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji ameleta kimeli cha pili, cha bluu. Ameeleza kirefu: amekirekebisha, sijui abiria wafike salama, sijui nini. Nusu sikusikia, nilikuwa namsimulia Mawimbi nilivyookoa shahada. Jumatatu wenye meli wanakuja kukitazama.

Nimechungulia ndani. Chini kumejaa vyuma vizito! Amesahau, masikini ya Mungu. Vikibaki, hakipinduki ng'o.

Nimevitoa vyote, kimyakimya. Sitaki hata asante.