Sikio Lililonifuata Msikitini

Jamaa zangu wa Mtwara, leo nimeaibika mbele ya Mungu na mbele ya wakwe, vyote kwa mpigo mmoja.

Mnajua nipo Maputo. Nimekuja kumposa Zuhura kwa mjomba wake, maana kwetu Wamakonde baba anaweza kukubali mpaka achoke, mjomba asipotamka, huoi. Nikavaa kanzu mpya, nikajipulizia marashi (mengi kupita kiasi), nikaenda.

Mjomba akanipeleka mgahawani kwa chakula cha mchana. Mgahawa wenyewe hakuna kiungo cha mnyama kinachotupwa. Ulimi, mkia, mapafu, ngozi, vyote vinakuja mezani na majina ya Kireno. Mpishi, bonge la mtu, akatoka jikoni kutusalimia. Sikuelewa hata neno. Kisha mjomba, kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea kipande kwenye sahani. Sikio. Jeupe, nene, laini!

Huku nguruwe anauzwa waziwazi, na mimi sijawahi kuona sikio la ng'ombe limepikwa hivyo. Nikajiambia mjomba amekaa ugenini mpaka dini imemlegea. Kuuliza sikuweza. Unamuulizaje mtu unayemwomba mke kama anakulisha haramu? Alipogeuka kuagiza maji, nikalifunga sikio kwenye tishu, likaingia mfuko wa kifuani. Nikajifanya natafuna (mate).

Mara mjomba akasema adhuhuri imeingia, twende tukaswali.

Nguruwe kifuani, naingia msikitini! Njia nzima natafuta pipa la taka, na mjomba kanishika mkono utadhani nitatoroka (nilitaka kutoroka).

Tukaanza kuswali. Rakaa ya pili, nikasujudu. Tishu ikachomoka, ikafunguka. Sikio likatua kwenye mkeka, kati yangu na mjomba.

Tulipotoa salamu, mjomba akaliokota.

"Hili si nililokupa?"

Nikasema ukweli. "Nilidhani la nguruwe, Mjomba. Nisamehe."

Mtu wa kushoto kwangu akageuka. Yule mpishi! Mjomba akamweleza kwa Kireno. Jamaa akajishika kifua, akajibu kwa uchungu, mjomba akanitafsiria: ni la ndama, kamchinja yeye mwenyewe asubuhi, kwa bismillahi. Jamani, nilishusha pumzi mpaka imamu akageuka kunitazama.

Lakini mjomba bado kalishika sikio, analigeuzageuza. Nikamwona Zuhura anaolewa na mwingine.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "mimi ndiye niliyekuwa nakuhofia wewe. Vijana wakija huku wanakula chochote. Binti mchukue. Ila sikio hili utalimaliza."

Nimelila hapo hapo kwenye baraza ya msikiti, la baridi, limegandwa na nyuzi za mfuko, mpishi kanisimamia mpaka kipande cha mwisho. Tamu, nisiseme uongo.

Mnaocheka nawaona. Kadi za harusi bado sijagawa.